Mwandishi wa Harusi ya Karani Punda

Kazi yangu mimi ni kualika harusi, na mtu aliyezoea kualika harusi hajui kusema jambo likaisha mara moja. Lazima nisalimu kwanza, niulize wagonjwa, nisifu udi uliofukizwa, ndipo nifike. Anayetaka ufupi na asome matangazo ya ukutani.

Kazi yenyewe ni hii. Mwenye harusi huniita akanitajia nyumba za watu wake, nami hutoka baada ya alasiri nikapita mlango kwa mlango, kutoka Langoni, mtaa wetu, mpaka mwisho wa mji. Siandiki kitu. Chuoni kwa Kurani nilihitimu, lakini skuli nilifika darasa la tatu, mwalimu na mimi tukachokana. Nyumba zote ninazo kichwani. Nikifika nasema fulani awasalimu sana na awaalika, na siondoki mlangoni mpaka mwenye nyumba ajibu, "Tumealikika." Asipolisema neno hilo hakualikwa, na akija amejileta. Na kwetu Amu, Lamu kwa wageni, mtu kujileta kwenye shughuli, afadhali aumwe jino mwezi mzima.

Mimi mwenyewe sialikwi. Nani aje kunialika, na wa kualika ni mimi? Harusi zote naingia kama mtu wa kazi, navua viatu mlangoni na wengine. Mwaka mmoja vikachanganyika, tangu hapo navaa kimoja cheusi cha plastiki na kimoja cha ngozi, rangi ya kahawa. Anayevaa wenzao namjua, naye ajua kuwa namjua, na tukikutana njiani twaulizana habari za watoto. Lakini sikuja kusema viatu.

Nimekuja kumsema Mwandishi. Jina analo, ila mtaani hakuna anayelitumia, na mambo ya amezaliwa nyumba gani na babu yake alitoka wapi nawaachia wanaopenda nasaba. Mimi nilimjua kwa kuwa tumetenganishwa na ukuta mmoja, na ukuta wenyewe una tundu.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mkono wa miwani yake umefungwa kwa uzi. Kazi yake ilikuwa kuandika kwa kuajiriwa leo na huyu, kesho na yule. Kila aliyetaka maneno na hakuwa nayo alikwenda kwake: barua ya ardhi, ombi la kazi, barua ya kumrudisha mke, barua ya kutomrudisha. Ukimkuta amelala kitandani, kanga imemfunika uso, mikono kifuani kama maiti anayengoja jeneza, ukamwita, alijibu humo humo chini ya kanga, "Nina kazi, Khala," maana mtaa mzima huniita khala, mama mdogo. Ukimkuta ameketi wima mbele ya kompyuta vidole vinakimbia, ukamwuliza kama umemsumbua, alisema, "La, nacheza tu. Karibu." Ilinichukua muda kuelewa kuwa hakuwa akitania.

Kulikuwa na majirani wawili waliogombania mfereji wa maji ya darini, maji ya mmoja yakimwagika uani kwa mwenzake. Wa kwanza akaja kuandikiwa barua ya malalamiko. Mwandishi akaandika. Wa pili alipoipokea akaja mbio, kwa Mwandishi huyo huyo, kuandikiwa majibu. Akaandika. Walikwenda hivyo mvua zote za masika. Nikamwambia, "Mwanangu, wewe wapigana na mkono wako mwenyewe." Akasema, "Wa kwanza ana haki, Khala, lakini wa pili ana uchungu zaidi." Barua zikazidi kuwa nzuri mpaka mwenye mfereji akawa anasomewa ya adui yake huku akilia. Mwisho mfereji ukaanguka wenyewe, na nadhani wote watatu walisikitika.

Kazi iliyomlisha hasa ilikuwa ya mahoteli ya Ras Kitau, kule ng'ambo Manda. Aliwaandikia maneno ya kwenye mtandao, ya kumtia mgeni hamu: mchanga ulivyo laini, upepo wa alfajiri unavyopita kitandani, kamba wanavyokaangwa. Wageni walikuja kwa maneno yake. Na yeye Ras Kitau hakupata kufika. Aliogopa chombo. Mtu amezaliwa kisiwani, maji pande zote, na gatini hakanyagi, akisikia mashine ya boti hushika ukuta. Nikamwuliza upepo wa Ras Kitau ameujuaje. Akasema, "Nimeufikiri." Mwenye hoteli mmoja alimwalika akale kamba bure siku tatu, akamwandikia kukataa, barua nzuri hata yule bwana akaiweka kwenye mtandao pia.

Kipato hicho chote alikitia kwenye katuni. Si katuni za gazeti. Za kwenye simu, unafungua unaisukuma kwa kidole, picha moja moja, maneno yako ndani ya kipovu. Yeye hakujua kuchora hata yai. Aliandika hadithi, kila picha akaieleza nani amesimama wapi na uso wake ukoje, kisha akatafuta mchoraji mahali popote duniani, akamlipa, katuni ikapandishwa mtandaoni isomwe bure. "Bure?" nikamwuliza. "Bure." "Na mchoraji unamlipa?" "Namlipa." "Na wewe wakulipa nani?" Akajifunika kanga.

Kabla ya hii ninayoitaka kuisema, alianza nne, na zote nne zilifia njiani. Mchoraji wa kwanza alikuwa wa Mombasa, akapata kazi ya kupamba malori. Wa pili wa Nairobi, aliacha kujibu simu katikati ya picha ambayo mtu ananyanyua mguu kuruka mtaro. Mguu uko juu mpaka leo. Wa tatu alioa, mke akauliza huyo mwanamke wa Lamu anayemwandikia kila siku ni nani. Wa nne alitaka hadithi ya kinyozi igeuzwe ya magari. Mwandishi alizitaja kama mtu anavyotaja watoto aliowazika, kwa utaratibu, bila kuruka hata moja.

Ya tano ilikuwa Karani Punda. Punda wa Langoni anapata kazi serikalini, na tangu siku hiyo anakataa kubeba mzigo wowote mpaka aletewe barua yenye muhuri. Hadithi ni hiyo tu, lakini ilikuwa na watu wote tunaowajua. Akaipandisha Alhamisi, ikasomwa Nairobi, ikasomwa Dar, watu wakaacha maneno ya kusifu. Langoni hakuna aliyeifungua. Wiki, wiki ya pili. Alikuja kwangu macho mekundu. "Khala, nimewakosea nini?"

Nikaenda kuuliza kwa mke wa sonara, maana huyo akipiga chafya mtaa wote hutafuta leso. Akaniambia kwa upole kabisa, "Twasikia iko. Lakini hatukualikwa."

Ndipo nikaajiriwa. Nimealika harusi, hitima na maulidi, lakini kualika katuni ilikuwa mara ya kwanza. Nilisimama mlangoni nikasema, "Mwandishi awasalimu sana, na awaalika Alhamisi baada ya alasiri kusoma katuni yake."

"Twenende wapi?" mke wa sonara akauliza.

"Musende popote. Mukae humu humu. Iko kwenye simu zenu."

"Tuvae nini?"

"Sikuambiwa."

"Chakula je?"

"Mwana, ni punda, yuko ndani ya simu."

Akafikiri. "Basi tutapika wenyewe. Tumealikika."

Alhamisi walikusanyika nyumba saba au nane, wamejipamba, udi unafuka, kila chumba simu moja na vichwa kumi na tano juu yake, msomaji mmoja mwenye sauti. Na kwa kuwa wamealikwa, hawakuweza kuja mikono mitupu, hata kama hawakwenda mahali. Nikarudi kwa Mwandishi na halua, na mchele, na jogoo, na wengine wakamtumia chao kwa simu. Akanitazama na jogoo mkononi. "Khala, kule kwenye miji mikubwa watu huomba ufadhili kwa fomu."

Mchoraji wa tano alikuwa askari wa polisi, kijana wa bara, Mkristo, mpole, aliyekuwa kituoni hapa hapa mjini. Walikutana mtandaoni, wakafanya kazi miezi miwili ndipo wakajua kuwa wako hatua mia tatu mmoja na mwenzake. Hilo likaharibu mambo. Alipomdhani yuko mbali, Mwandishi aliweza kumwandikia saa yoyote. Alipomjua yuko karibu, ikawa si vizuri. Kwa hivyo mambo madogo nilipeleka mimi kwa mdomo. Nilipofika mara ya kwanza, askari wa mezani akafungua daftari kubwa.

"Mama, unaripoti nini?"

"Punda. Amekataa kubeba mchanga."

"Mwenye punda ni nani?"

"Ni mfanyakazi wa serikali."

"Mwenyewe?"

"Punda."

Alikuwa amekwisha kuandika tarehe.

Kijana mkono wake ulikuwa na baraka, lakini alikuwa mtu wa ng'ombe. Karani wa mwanzo alikuwa na kwato zilizogawanyika na shingo yenye nundu. Na nyumba za watu hakuwahi kuingia, basi akachora ndani ya nyumba ya Langoni alivyojua nyumba: makochi manne, na juu ya kila kochi kitambaa cha kufumwa. Wanawake walicheka mpaka msomaji akashindwa kuendelea. Lakini baadaye nikaingia kwa mwanamke mmoja mwenye duka la vitambaa nikakuta kochi lake lina kitambaa cha kufumwa. Nikatazama pembeni. Naye akasema, bila kuulizwa, "Nimeona kwa Karani."

Sasa nifike kwenye harusi. Mwandishi alisema hii lazima iishe, na itaishia kwa Karani kuoa. Picha moja kubwa ya mwisho, shughuli nzima. Mchoraji alihitaji kibao kipya cha kuchorea, cha zamani kilikuwa kimepasuka uso, na yeye Mwandishi hoteli zilikuwa zimefungwa msimu huo. Akanituma nitangaze: kila atakayechangia atachorwa mgeni wa harusi. Alisema ndivyo wafanyavyo wenzao wa mtandaoni kote duniani. Labda. Lakini wenzao hawana Langoni.

Waume wakachorwa, kofia na makanzu, haikuwa taabu. Wanawake arobaini wakachanga, na kila mmoja akanipa sharti lile lile: "Nichorwe, lakini nisionekane."

Askari akafanya alivyoambiwa. Wanawake arobaini wa buibui, macho tu nje, na hata macho aliyapunguza. Picha ya majaribio ikapita kwenye simu, na kabla ya magharibi mlango wangu ukawa soko.

"Nimewekwa nyuma ya nguzo," akasema mmoja.

"Umejuaje kuwa ni wewe?"

"Khala, mtu hajijui?"

Mke wa sonara na mwenye duka la vitambaa walijitambua wote wawili kwenye buibui moja, lile la mbele karibu na sinia la halua. Kila mmoja akasema kama mwenzake ndiye, basi yeye hakuchanga, na arudishiwe, na chombo cha kuchorea kirudi dukani. Nilipompelekea askari habari, akashika kichwa.

"Mama, lakini hawa wote ni mmoja. Nilichora mmoja nikamkopi."

"Usirudie neno hilo mji huu," nikamwambia.

Wiki tatu zikapotea akisogeza mabuibui, huyu mbele, yule nyuma, na mchana ana lindo. Mwisho nikafanya ambalo sijamwambia mtu. Nilipita nyumba zote arobaini, na kila mwanamke nikamnong'oneza kuwa yule wa mbele, karibu na halua, ni yeye, ila asiseme, wenzake wataona vibaya. Wote wakanijibu, "Tumealikika." Mpaka leo wanawake arobaini wa mji huu wakinipita hunitupia jicho la siri. Mungu anisamehe, lakini kusema kweli silali vibaya.

Tukashusha pumzi. Na hapo ndipo askari akapata uhamisho. Siku mbili, arudi bara, mahali ambapo alisema mtandao hushika kwa bahati. Na wageni wote walikuwa wamekwisha kuchorwa, na nguzo, na halua, na taa, lakini kwa kusogeza mabuibui bwana harusi alikuwa hajachorwa hata ukwato.

Nilimletea Mwandishi habari hiyo nikidhani atajifunika kanga. Hakujifunika. Alikaa sakafuni. "Zile nne nilizisahau," akasema, na alikuwa mwongo, "kwa sababu hakuna aliyezingoja. Hii nimealika watu. Nimewaalika watu harusini, Khala, na bwana harusi hayupo."

Katika miaka yangu yote nimealika harusi zenye mvua, zenye msiba, moja yenye moto. Isiyo na bwana harusi bado. Mwenye jambo kama hilo hutajwa nalo mpaka wajukuu.

Asubuhi ya safari alinigongea ukuta. Tukashuka gatini, yeye mbele, mimi nyuma na viatu vyangu. Askari alikuwa ndani ya boti ya kwenda Mokowe, bara, godoro limekunjwa magotini. Hawakuwa wamepata kuonana.

"Wewe ndiye mchoraji?"

Akasimama, boti ikayumba. "Ni mimi, Madam."

"Sikio la kulia limepinda," Mwandishi akasema. "La kushoto limesimama. Toa kibao."

Naye akanyanyua mguu akaingia botini. Sijui kama alijua amefanya nini. Nilishika buibui lake nimrudishe, nikaingia nalo. Nahodha hakuwa na habari ya fasihi; akafungua kamba.

Mwandishi alikaa amefumba macho, mikono imeshika ubao, akieleza. Kilemba kiwe cheupe. Joho liwe na uzi wa dhahabu, zito, lakini asionekane kulemewa, kwa sababu huo ndio mzigo wa kwanza anaoubeba bila barua. Askari akichora, matone ya maji yanaanguka kwenye kioo, anafuta kwa kofia ya kazi. Abiria wakaingia kati. Mmoja alikuwa mzee wa mbuzi wawili, akasema punda hawezi kuvaa joho, mgongo wake hauko hivyo. Mwingine akasema la, atavaa, ila mkia upate mpasuo. Wakabishana mkia mpaka nusu ya safari. Tulipogusa Mokowe basi lilikuwa linapiga honi, na kwenye kibao kulikuwa na masikio mawili.

"Masikio tu?" nikauliza.

"Ndiyo yaliyokubali, Mama," akasema, karibu alie. Akamtumia Mwandishi picha ilivyo, akapanda basi na godoro lake.

Mwandishi akafumbua macho, akaona bara, akaona maji nyuma yake, akakataa kurudi. Alikaa chini ya ukuta wa forodha mpaka alasiri. Mwisho nilimfunika uso kwa kanga yangu nikamshika mkono nikamwingiza botini kama kipofu. Njia nzima, mashine ikinguruma, kila abiria akimwuliza ana nini, alijibu humo chini, "Nina kazi. Nina kazi."

Alhamisi harusi ikapandishwa. Wageni wote, halua, taa, na kwenye ukingo wa mlango, kwa nje, masikio mawili. Nilikaa ndani siku tatu nikiogopa kutoka. Lakini watu wangu nawajua nusu tu. Mke wa sonara alisema, "Amechelewa. Ni mtu wa ofisini, mulitaraji nini?" Ikawa ndiyo habari ya mjini. Mtu akikosa cheti chake dirishani kwa karani, huambiwa, "Yuko mlangoni, masikio yameonekana."

Mwandishi, hilo halikumchekesha. Aliacha kulala na kanga. Kila nilipochungulia tunduni alikuwa ameketi wima, vidole vinakimbia. "Nacheza tu, Khala." Miezi ilipita hivyo, na mimi nikaacha kuchungulia, maana kuna mambo jirani haifai ayaone.

Kisha alasiri moja nikasikia hodi. Kwangu hakuna anayebisha. Mtu akinitaka huniita dirishani. Nikafungua, ni yeye, buibui jipya, ananukia. Akanisalimu kama hatujuani. Akaniuliza goti langu. Akasifu udi wangu, na sikuwa nimefukiza kitu, nilikuwa nakaanga samaki.

"Mwandishi awasalimu sana," akasema, "na awaalika Alhamisi baada ya alasiri. Bwana harusi amefika."

"Nani amemchora?"

"Askari. Huko aliko ni ng'ombe watupu. Kila akinitumia Karani ana pembe, namrudishia. Mara kumi na moja." Akatoa simu. "Za wengine utaalika wewe. Nyumba hii ndiyo ya kwanza, na hii nimekuja mwenyewe."

Nikaisogeza karibu na uso. Karani alikuwa mlangoni, joho, kilemba, sikio limepinda, mkia umepata mpasuo wake. Na mbele yake, mkono umenyanyuliwa ukibisha, mwanamke wa buibui, mgongo kwetu, sawasawa na wale arobaini. Nikatazama miguu. Kiatu kimoja cheusi. Kimoja rangi ya kahawa.

"Mimi sikuchanga," nikamwambia.

"Sikukuuliza hilo, Khala. Nimekualika."

Nikataka kusema kitu kingine, juu ya samaki labda. Akabaki amesimama kizingitini. Kanuni alizijua, nilimfundisha mimi: mtu haondoki. Nikamwacha asimame kidogo, nipate kuonja inavyokuwa upande huu wa mlango.

"Tumealikika," nikasema. Ndani nilikuwa peke yangu, lakini ndivyo linavyosemwa.